Magari ya Abiria na Mji Unaokua Kati ya Mashamba ya Chai

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo yachapishwa hapa kwa idhini ya Halmashauri



Katibu aliponiita na kuniambia kwamba mwaka huu ni zamu yangu kusema mbele yenu, nilidhani nitatakiwa kusema juu ya karo za watoto au juu ya mfuko wa mazishi, maana hayo ndiyo mambo tuliyoyazoea katika mkutano huu. Aliponieleza kwamba Halmashauri yataka neno juu ya magari ya abiria, na jinsi mji wetu wa Kericho utakavyokuwa miaka ishirini ijayo, nilicheka kidogo. Nikamwuliza, "Je, wazee watakubali kukaa wakisikiliza habari za matatu?" Akanijibu kwamba mwaka uliopita mkutano huu ulichelewa kuanza kwa sababu nusu ya wazee walikuwa wameketi ndani ya matatu wakingoja ijae. Hapo nikaona kwamba jambo hili lina wenyewe.

Yafaa kwanza tuutazame mji ulivyokaa. Atokaye Nakuru hupita misitu, kisha mashamba ya watu, halafu kwa ghafula huingia katika chai, chai kulia na chai kushoto, hata afikapo mjini. Kericho ni kisiwa. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo kikubwa cha chai hapa katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa kwa nguvu. Tangu wakati huo mashamba yale yamebadili wenye hisa zaidi ya mara moja, lakini mipaka yake imebaki palepale. Mji mwingine ukikua hutanda pande zote kama maji yaliyomwagwa juu ya meza. Mji wetu hauwezi kutanda. Wafuata barabara tu, kama maji katika mfereji. Kwa upande wa Nakuru umekwenda Brooke na Chepseon, kwa upande wa Kisumu umekwenda Kapsoit, na kwa upande wa kusini maduka yamejipanga Litein, Kapkatet, mpaka Kaplong. Ndugu zetu wa Bomet nao wana Silibwet, Longisa na Mulot, kila kimoja kimeinyoosha miguu yake kando ya lami.

Zamani jambo hili halikutusumbua sana. Mfanyakazi wa shamba kubwa alilala katika nyumba za kambi, hatua chache kutoka mahali alipochuma. Mkulima mdogo aliishi shambani mwake. Aliyekwenda mjini alikwenda kwa shauri maalumu: kesi, hospitali, au kununua bati. Mji haukuwa na watu wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Siku hizi hali imegeuka. Mashine za kuchumia chai zimepunguza mikono katika mashamba makubwa, na mnakumbuka kwamba mwezi wa Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto na watu wenye hasira. Waliotoka kambini hawakutoweka. Wamepanga vyumba mjini na katika vituo vya kandokando ya barabara, na kila kunapopambazuka wanatafuta gari. Pamoja nao wamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, wagonjwa wa Kapkatet, Litein, Longisa na Tenwek, na akina mama wenye magunia ya kabichi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 901,777 katika Kaunti ya Kericho na 875,689 katika Bomet. Sisemi kwamba Kericho ni jiji. Sheria ya Miji ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, yataka wakazi 250,000 kabla ya mahali kuitwa jiji, nasi tungali mbali. Lakini mtoto hupimiwa kanzu kabla mkono haujapita kikomo cha nguo, na mimi nasema kipimo kichukuliwe sasa.

Nani ametuchukua hata leo? Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ikapitia Londiani, Lumbwa ambayo sasa ni Kipkelion, na Fort Ternan. Mji wa Kericho wenyewe haukuipata, na chai ililazimika kupelekwa kwa magari mpaka stesheni ya Lumbwa. Watu walikwenda kwa miguu, au juu ya malori pamoja na magunia. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alitamka kwamba matatu ziruhusiwe kuchukua abiria bila leseni ya pekee, na tangu siku ile matatu zikawa ndizo miguu ya nchi. Mwaka 1986 Serikali ilileta mabasi ya Nyayo, mazuri na ya nauli nafuu, ambayo wengi wenu mliyapanda. Kabla miaka kumi haijatimia sana yalikuwa yamelala katika nyasi, hayana vipuri wala mwenyewe. Mwezi wa Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutumika: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, na abiria kwa hesabu ya viti. Kwa muda tulikaa kwa heshima. Mwaka 2008 kodi ya pikipiki ndogo iliondolewa, na bodaboda zikajaa mpaka kwenye vichochoro vya chai ambako gari halikupata kufika.

Sidharau hata moja katika hayo. Bodaboda imeokoa akina mama wengi usiku wa kujifungua. Michuki aliokoa roho za watu, nami nasema hivyo mbele ya wenye matatu waliomo humu ndani. Lakini tazameni jinsi mambo hayo yalivyokuja: moja kwa tamko, moja kwa zawadi, moja kwa kanuni, moja kwa kuondolewa kodi. Hakuna hata moja lililokuja na ardhi yake. Hakuna aliyeuliza gari litasimama wapi, na anayeshuka atakanyaga wapi.

Hili ndilo lililonileta hapa, na sasa yanipasa kusema habari ya huzuni.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori kubwa lenye kontena, likielekea upande wa Kericho, liliacha njia likaingia katika matatu zilizosimama na katika watu waliokuwa kandokando wakiuza na kununua. Watu zaidi ya 50 walikufa. Baadhi yenu mlizika. Kabla ya hapo, alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan, na hapo pia walikufa watu zaidi ya 50. Misiba hiyo miwili si ya namna moja. Wa Fort Ternan ulikuwa wa basi na mteremko na usiku. Wa Londiani uliwakuta watu wengi ambao hawakuwa wakisafiri. Walikuwa kazini.

Baada ya msiba wa Londiani Serikali ilitangaza kwamba masoko ya kandokando ya barabara kuu yataondolewa. Nilifurahi kusikia, kisha nikakumbuka mazungumzo yangu na mama mmoja muuza viazi katika kituo kimoja cha barabara ya kusini. Nilimwuliza kwa nini asihamie katika soko lililojengwa nyuma, lenye paa na meza za saruji, lakini tupu kabisa isipokuwa mbuzi wawili waliojikinga mvua. Hakukasirika. Aliniambia, "Mzee, ule ni uwanja wa viazi, huku ndiko kwenye wanunuzi." Wanunuzi wake ni abiria. Abiria hushuka palipo na gari. Gari husimama palipo na abiria wanaongoja, na abiria hungojea barabarani kwa kuwa huko ndiko atakapoliona gari likija. Mduara huo umefungwa kama kitanzi, na kamba yake yapita katikati ya barabara kuu ambamo malori ya Mombasa hupita kwenda Kisumu na Uganda. Ukimhamisha mama na kuliacha gari, mama atarudi kabla ya juma kwisha. Ukilihamisha gari na kumwacha abiria hana pa kujikinga mvua, abiria atarudi, na gari litamfuata. Hivyo ndivyo polisi wanavyofukuza watu Jumatatu, na Alhamisi wote wamekwisha rejea mahali pao. Soko na kituo cha magari ni kitu kimoja, na aviondoaye yampasa aviondoe pamoja na kuviweka pamoja.

Wazee wangu, nimefikiri sana tutapata wapi mfano wa kazi kama hiyo. Wataalamu hutuonyesha miji ya mbali. Mimi nasema mfano tunao hapa, kila mmoja wetu anaupita kila siku, nao ni kituo cha kununulia majani ya chai.

Angalieni. Mkulima wa Litein, wa Mogogosiek, au wa Kapkoros huchuma majani mawili na chipukizi lake, akayatia katika kikapu. Hatembei mwendo mrefu. Kituo kimewekwa mahali anapoweza kufika kwa miguu, kando ya barabara ndogo na mbali na barabara kuu. Kina paa. Kina mahali pa kutundika mizani. Kina kamati iliyochaguliwa na wakulima wenyewe, na kila mtu anajua ni karani gani apimaye na lori gani lijalo. Lori lina njia yake na siku zake, na wakulima huambiwa mapema lini litapita. Halisemi, "Siondoki hapa mpaka nijae." Likikuta majani machache huyachukua yaleyale machache, likaenda kituo kinachofuata, kwa sababu majani yakikaa yataungua na kiwanda kitapata hasara.

Naye mchumaji mwenyewe, akimaliza kupimiwa, akitaka kwenda Kericho kumwona daktari, hana paa, hana saa, wala hana kamati. Atasimama katika mvua ya alasiri, ile mvua yetu isiyokosa, ajitupe katika gari lenye watu wawili, angoje kumi na wawili wengine, na pengine jioni hiyo nauli ipandishwe maradufu kwa kuwa mawingu yamekuwa meusi. Jani la chai lina ratiba. Mwenye jani hana.

Kwa nini iwe hivyo? Si kwa sababu jani lapendwa kuliko mtu. Ni kwa sababu hasara ya jani imeandikwa katika kitabu cha kiwanda, na hasara ya saa mbili za mchumaji haikuandikwa popote. Tena, mambo yale hayakuota yenyewe kama uyoga. Mamlaka ya Kustawisha Chai ilipoundwa mwaka 1964, na hata kabla ya hapo, watu walikaa wakapanga: hapa miche, hapa kituo, hapa barabara, hapa kiwanda, na yote hayo yalitiwa katika hesabu mkulima angali akingoja mche wake ukue. Baba zetu walipanda mche wakijua kwamba miaka mitatu itapita kabla ya kuchuma sawasawa, na kwamba kichaka kitaishi kuliko wao. Wengine waliwacheka kwa kutoa malisho ya ng'ombe kwa ajili ya kichaka kisicholiwa. Watu wa namna hiyo hawawezi kuambiwa kwamba hawajui mipango ya muda mrefu.

Nitasema ukweli wote, nisije nikaumbuliwa na wakulima waliokaa nyuma pale: lori la majani nalo huchelewa. Wakati wa mvua kubwa barabara hukatika, na majani huozea kituoni. Nimeona watu wakilala na vikapu vyao. Lakini linapochelewa kuna mtu wa kuulizwa, kuna kamati, kuna mkutano wa kiwanda wa kupigia kelele. Matatu ikichelewa utamwuliza nani?

Msinielewe kwamba nawashambulia madereva. Dereva wa matatu, kwa kawaida, hana mshahara wa mwezi. Asubuhi hupewa gari na kuambiwa kiasi cha fedha atakachomletea mwenye gari jioni. Mafuta ni juu yake, na kinachobaki ndicho chake na cha makanga. Mtu wa namna hiyo akiondoka na viti vitupu anaondoka na chakula cha watoto wake. Kwa hiyo hungoja kama jiwe, na akiisha kujaa huruka kama mshale ili awahi zamu nyingine. Kungoja kwake na kukimbia kwake vyatoka katika mfuko mmoja. Kidhibiti mwendo hakitamponya huyo. Atapona siku fedha zote za njia zitakapotiwa katika sanduku moja la chama cha wenye magari, naye alipwe kwa saa alizoendesha. Vyama hivyo vya akiba na mikopo tayari vipo kwa mujibu wa sheria. Vingi vimekuwa vyama vya kupata leseni na rangi ya gari tu, lakini chombo kipo.

Hapa nitaruka kidogo niende pwani, mpaka Dar es Salaam, kwa maana wenzetu wa huko wametangulia, na aliyetangulia hutuonyesha shimo na daraja pia. Dar es Salaam ilikuwa na shirika la mabasi la umma, UDA, lililoundwa mwaka 1974. Mabasi yalipopungua na watu kuongezeka, mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi, nayo yakaitwa daladala. Mwaka 2007 waliunda wakala wa mabasi yaendayo haraka, ili barabara iwe na njia ya mabasi peke yake, vituo vyenye sakafu iliyolingana na mlango wa basi, na nauli ilipwayo kabla ya kupanda. Mabasi ya kwanza yalianza kazi mwezi wa Mei 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi yake, jumla ya kilomita karibu 21. Hesabuni: miaka tisa tangu wakala kuundwa hata abiria wa kwanza kupanda. Nyumba zilibomolewa, wenyewe wakalipwa, kesi zikasikilizwa. Kisha mabasi yakawa machache, na watu wakalalamika kwa msongamano vituoni. Na bado nasema walifanya jambo kubwa, kwa kuwa njia ile ya basi ipo, imechimbwa, na hakuna awezaye kuigeuza kuwa maduka. Mabasi yakipungua yatanunuliwa mengine. Ardhi ikipotea hainunuliki, au yanunuliwa kwa machozi.

Kericho haihitaji mabasi ya namna ile, wala Bomet. Tukiyaomba tutachekwa, na tukipewa yatafuata mabasi ya Nyayo nyasini. Sisi twahitaji kitu kidogo zaidi ambacho kwa ajili ya udogo wake hakuna mkubwa atakayekuja kukizindua: vipande vya ardhi, pembeni mwa barabara kuu, kila penye kituo, vya kutosha magari kuingia, kugeuka na kutoka, pamoja na paa, choo, maji, na meza za akina mama zikiwa mlangoni pa gari. Na njia ya miguu. Nashangaa sana kwamba katika nchi ambayo watu wengi hutembea, mwenye miguu ndiye asiyepewa njia. Watoto wa shule hutembea juu ya mstari mweupe wa lami huku malori yakiwapepea sare.

Ni nani mwenye mamlaka ya kuweka ardhi hiyo? Zamani tuliandika barua Nairobi. Tangu Katiba ya mwaka 2010, usafiri wa umma ndani ya kaunti, barabara za kaunti, na maegesho ya magari vimekuwa kazi ya serikali za kaunti. Barabara kuu zimebaki chini ya Serikali Kuu, na hapo pana mgongano, kwa kuwa kituo kiko mguu mmoja katika kaunti na mguu mmoja katika hifadhi ya barabara kuu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti kufanya mpango wa ardhi wa miaka kumi, na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na wananchi washirikishwe. Kuhusu mashamba makubwa, Katiba hiyohiyo iliondoa hati za miaka 999 kwa wasio raia, ikaweka kikomo cha miaka 99. Kwa hiyo kila mwenye shamba sasa ana saa ukutani mwake, na mazungumzo juu ya ukanda mwembamba wa ardhi kwa ajili ya njia ya umma si ndoto kama ilivyokuwa zamani. Sizungumzii hapa dai kubwa la ardhi, ambalo lina mabaraza yake na lisimezwe na jambo la vituo vya magari. Nasema tu kwamba dai dogo laweza kuombwa huku dai kubwa likiendelea.

Lakini nani huenda katika mikutano hiyo ya kushirikisha wananchi? Nilihudhuria mmoja. Karatasi ilibandikwa mlangoni siku chache mbele, kwa maneno magumu, na waliokuja walikuwa vijana watatu waliotaka kujua kama kuna posho. Halmashauri yetu ingefaa iwachague watu wawili, mzee mmoja na mama mmoja wa sokoni, waende kila mkutano wa namna hiyo, Kericho na Bomet, na waandike walichosikia, na taarifa yao isomwe hapa kila mwaka pamoja na hesabu ya fedha. Mwenye kwenda mara moja husahauliwa. Anayeonekana kila mara huanza kuulizwa.

Sasa naja kwenye jambo lililo gumu, nami naomba radhi kwa walioketi karibu na mlango ambao wameanza kutazama saa.

Chama hiki kina kiwanja kando ya barabara ya kwenda Litein. Mchoro uliopitishwa mwaka uliopita unaonyesha vyumba kumi vya maduka, safu mbili za vyumba vitano, safu ya mbele ikifika mpaka kwenye mpaka wetu wa barabara. Kodi ya vyumba hivyo imekwisha kuhesabiwa. Mweka Hazina ameionyesha katika taarifa yake ya leo, nayo yaelekezwa katika karo za watoto wasiojiweza. Nilipousoma mchoro ule nilihisi mkono wangu ukiwa mzito. Tukijenga hivyo, magari yatasimama barabarani mbele ya maduka yetu, kwa kuwa hayatakuwa na pengine pa kusimama. Akina mama wataweka meza kati ya maduka na magari. Baada ya miaka mitano tutakuwa tumejenga njia panda nyingine ya Londiani kwa mikono yetu wenyewe, kwa fedha za rambirambi na michango.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba safu ya mbele iachwe isijengwe. Tubaki na vyumba vitano vya nyuma, na mahali pa vile vitano vya mbele pawe uwanja wa magari, wenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, paa refu la mabati, choo cha kulipia, na meza za akina mama chini ya paa hilohilo. Wenye matatu wa njia ile nimezungumza nao. Hawakuahidi mengi. Wamekubali kwamba, uwanja ukiwapo, kwa miezi mitatu ya kujaribu watatoa gari moja kila nusu saa asubuhi, lijae lisijae, na upungufu wa gari hilo wagawane wote kutoka katika sanduku la chama chao. Nao wametaka sisi tuweke saa kubwa ya ukutani, kwa kuwa, walivyosema, kila dereva ana saa yake na kila saa ina mwenyewe.

Najua jibu litakalotolewa. Vyumba vitano ni kodi ya watoto kadhaa shuleni kila mwaka, na watoto hao wana majina tunayoyajua. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia juzi, "Wewe wataka tumtoe mtoto shuleni ili gari lipate kivuli." Sikuwa na jibu jepesi, na hata sasa sina. Ada ya choo na ya meza italeta kitu, lakini haitafikia kodi ya vyumba vitano. Nimefanya hesabu mara tatu na kila mara yapungua. Anayewaambia kwamba mpango huu hauna gharama anawadanganya. Ninachoweza kusema ni kwamba katika kokwet za baba zetu, njia ya ng'ombe kwenda mtoni na kwenye chumvi haikuzibwa na mtu kwa ua wake, hata kama ilipita katika sehemu nzuri ya malisho yake, na mwenye kuiziba aliitwa barazani. Hasara aliyoipata mwenye malisho ilijulikana, wala haikukanwa.

Ikiwa wanachama watakataa, basi na wakatae kwa kura, na mimi nitachangia matofali ya safu ya mbele kama mtu mwingine yeyote. Ikiwa watakubali, fundi asiitwe kabla Afisa wa Mipango wa Kaunti na wenye mamlaka ya barabara kuu hawajatia sahihi mahali pa kuingilia magari, maana mlango ukiwekwa karibu na kona utakuwa ni hatari mpya badala ya ile ya zamani.

Michoro yote miwili, ule wa mwaka uliopita na huu wa sasa, iko juu ya meza ya Katibu, pamoja na hesabu zangu tatu zinazopungua. Bwana Mwenyekiti, naomba muda wa chai wazee wakaitazame kabla kura haijapigwa, na aliye na miwani amsomee asiye nayo.